Salamu Maria Mbili kwa Jiko Jipya

Sikuvunja lile jiko. Naanza na hilo, juu mpaka leo kuna watu hapa Katindo wanaonipita njiani wakicheka upande mumoja wa mudomo, na mimi kicheko cha namna hiyo ninakijua. Wengine nimewapikia watoto wao tangu wakiwa na meno ya maziwa. Wacheke tu. Lakini wasikilize kwanza.

Mimi ninaitwa Masika. Ni mutu wa Butembo, nilikuja Goma nikiwa binti, nikaolewa na Paulin, fundi wa milango na viti. Mimi si mutu wa subira. Hilo nalisema mwenyewe kabla hamujaambiwa na bwana yangu, maana yeye hulisema kwa kila mugeni kabla mugeni hajakaa. Maharagwe yakichelewa kuiva ninayagombeza. Motari akinizungusha na pikipiki yake ninashuka, naenda kwa miguu. Lakini kukosa subira ni kitu kimoja, na uongo ni kitu kingine, na katika miaka kumi na mine niliyopikia watoto wa shule hii hakuna mutu aliyevichanganya.

Jiko la shule liko nyuma ya madarasa: mbao pande tatu, juu manjanja ya bati. Ndani kulikuwa na mafiga matatu, mawe meusi ya volkano kama yaliyojaa kila parseli, kila kiwanja cha muji huu, na juu yake sufuria ambayo mutoto wa darasa la kwanza anaweza kuogea ndani. Maharagwe na bugali, siku tano kwa wiki. Moshi ndio ulikuwa hewa yangu. Jioni nikifika nyumbani macho yananiwasha mpaka nashindwa kutia uzi kwenye sindano. Siku zile za vita, mwezi wa kwanza, watu walipojaa ndani ya madarasa na magodoro yao, nililala kando ya mifuko ya maharagwe wiki nzima nikapika usiku na muchana, na mifuko ilipokwisha, ilikwisha kwa midomo ya watu, si kwa mulango wa nyuma. Ufunguo wa jiko ulikuwa shingoni mwangu, kwa kamba moja na medali ya Bikira Maria. Hakuna aliyewahi kuniuliza: Masika, kikombe kile kimeenda wapi?

Basi komite ya wazazi ikaamua tupate jiko la jiwe. Kuni zimekuwa za shida, na daktari wa kituo cha afya alikuwa amesema mupishi huyu akiendelea na moshi huu ataishia kukohoa damu. Wakamuita muzee Viateur. Muzee Viateur ni mutu wa Rutshuru, Muprotestanti, mwenye ndevu nyeupe zilizokatwa kwa rula. Alijifunza kazi ya jiwe la sabuni upande wa Uganda, na jiwe lenyewe linamufikia kupitia Bunagana. Ni jiwe la kijivu, laini. Unalikwangua kwa ukucha linatoa unga, ukilipapasa unadhani mukono umepita kwenye sabuni. Sifa yake ni kushika joto. Unawasha asubuhi, unaacha moto ufe, na saa nane sufuria bado inatokota peke yake. Niliposikia hivyo niliamini Mungu amekumbuka jina langu.

Alileta mawe kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, yakiwa yamefungwa kwa magunia. Alijenga siku mbili, na mimi nilimubebea maji na udongo kama mutoto wa kazi, bila kinyongo. Kuta nne za kijivu, kifuniko cha kijivu chenye tundu mbili za sufuria. Lakini sakafu ya ndani, pale moto unapokaa, ilikuwa nyeusi. Nikamuuliza, juu kuuliza si ujinga: muzee, mbona chini ni rangi ingine?

Akasema ndiyo ufundi wenyewe. Chini anaweka jiwe la hapa makusudi, gumu, lisilochakaa kwa kuni. Akasema alilichagua ziwani kule Lac Vert, ndani ya maji, limeoshwa miaka na miaka, tuangalie lilivyo safi. Akalipiga kofi kama mutu anayesifu ng'ombe wake.

"Jiwe ya hapa ilizaliwa na moto," akasema. "Itaogopa moto ya magunzi?"

Tulicheka wote. Direkteri Télesphore, mukubwa wa shule, alicheka, wazazi walicheka, na mimi nilicheka, sitajitoa. Nani hapa Goma angebisha? Tumeona mawe haya yakishuka mulimani yakiwa uji wa moto. Tumejenga nyumba juu yake, na kuta kwa hayo hayo. Mutu wa Goma anaweza kushuku kila kitu, pamoja na ndugu yake, lakini hashuku jiwe jeusi.

Kisha muzee akatupa masharti. Jiko la jiwe la sabuni halipikiwi siku ya kwanza. Lina maji ndani, maji ya mulimani, na maji hayo yafukuzwe kwa adabu. Siku saba, moto mudogo, bila sufuria. Siku mbili za kwanza magunzi ya mahindi tu, kiganja kimoja. Halafu vijiti vyembamba kama kidole. Uache moto ufe wenyewe, usimwage maji. Na kipimo cha joto ni mukono: unaweka kiganja kwenye ukuta wa nje, unasali Baba Yetu mpaka amina. Ukitoa mukono kabla ya amina, moto wako ni mukubwa, punguza. Akasema kazi hii ifanywe na mukono mumoja, si leo huyu kesho yule. Wote wakaniangalia. Nikasema sawa, ni mimi.

Nilifanya. Mungu aliye juu ni shahidi, na ndiye pekee, maana jikoni nilikuwa peke yangu. Nilianza Jumapili baada ya Misa; siku za shule nilipika kwanza kwa mafiga, nikala moshi wangu wa kawaida, kisha watoto wakienda nakaa chini mbele ya jiko jipya na magunzi yangu. Mimi, Masika, nisiye na subira, nilikaa pale kama kuku anayeatamia. Niliweka kiganja na kusali Salamu Maria. Mimi ni Mukatoliki, mukono wangu ukiwa kwenye jiwe, mudomo unaenda wenyewe kwa Mama. Nikajua ni fupi kuliko Baba Yetu, kwa hiyo nilisali mbili. Siku ya kwanza mbili, siku ya pili mbili. Mukono haukuungua hata mara moja.

Siku ya tatu nilisikia kitu kinalia ndani ya jiko, sauti nyembamba, kama chai kabla haijachemka. Nikadhani ni kijiti kibichi. Sikumuambia mutu. Hilo ndilo kosa langu katika habari hii yote, na nalibeba.

Siku ya tano, Alhamisi, nilikuwa nimeweka kiganja, niko kwenye Salamu Maria ya pili, "sasa na saa ya kufa kwetu". Jiko likapasuka. Paa! Majivu yalinijaa usoni. Nilipofungua macho, ukuta wa kushoto ulikuwa na ufa toka juu mpaka chini, kifuniko kimekatika vipande viwili, na sakafu imesambaa. Nilijishika uso kuona kama bado uko. Halafu nikakaa chini nikalia, si kwa hofu, kwa uchungu wa lile jiko. Nilikuwa nimeanza kulipenda.

Muzee Viateur alifika Ijumaa asubuhi. Direkteri alikuwepo, na watu watatu wa komite, na wamama wawili waliokuja kulipa shule. Muzee hakunipa hata salamu. Akachutama, akachokoa majivu kwa kijiti, akasimama, akauliza niliweka kuni gani. Nikasema vijiti, kama alivyoagiza. Akasema vijiti haviwezi kupasua ukuta wa unene huu; huyu mama aliwasha moto wa kupikia, labda alikuwa na haraka ya kujaribu maharagwe, halafu akatoa kuni kubwa akaficha. Alisema hivyo akiwaangalia wengine, kama mimi ni sufuria. Nikasema hapana. Nikasema nilipima kwa mukono kila siku.

Akauliza nilisali sala gani.

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo kwa ukweli wangu mwenyewe. Nikasema, Salamu Maria. Wamama wale wakaanza kucheka. Nikasema haraka: mbili, nilisali mbili. Wakacheka zaidi. Muzee akageuka, na sasa ndiyo akaniangalia.

"Njia ya muongo ni fupi," akasema, "na sala yake pia."

Komite nzima ikaangua kicheko. Kesho yake neno lilikuwa limeishazunguka kartie yote, nyumba kwa nyumba. Watoto wangu wa darasa la nne, niliowapa ukoko wa chini ya sufuria kwa mukono wangu, walikuwa wakiimba nyuma yangu, sala fupi, sala fupi. Sitaki kusema nilivyosikia. Ningesikia afadhali kama angenipiga kofi.

Direkteri Télesphore ni mutu anayependa kila kitu kiwe kwa karatasi. Akasema komite ya wazazi itakaa Jumamosi ya wiki ijayo kuamua kama nitabaki mupishi, na kwa kungoja, nimurudishie ufunguo. Akanikumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hiyo watoto wake waliisikia kwangu, jikoni, wakinisumbua kwa sahani. Nilikata kamba, nikamupa ufunguo, medali nikabaki nayo. Kazi ikapewa muke wa sentineli anayelinda shule, na wiki hiyo watoto walikula maharagwe yaliyoungua juu na mabichi chini. Mutu akiunguza maharagwe namna ile mara moja, ni bahati mbaya. Mara tano, ni kipaji.

Na bado sijafika kwenye ubaya wenyewe. Ubaya wenyewe ulitoka nyumbani kwangu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Paulin ni mutu wa amani. Watu humusifu kwa hilo. Mimi nimeishi na amani yake miaka ishirini na mitano na ninaijua bei yake. Nilipomueleza habari ya jiko aliendelea kukwangua ubao wake, mwisho akasema fundi wa miaka kama muzee Viateur hawezi kutojua jiwe lake. Nikamuuliza, na mimi? Mimi sijui mukono wangu? Akasema, "Masika, unajijua vile hauna subira." Nikatoka nje nisije nikamutupia kitu.

Jumapili baada ya Misa akapotea. Saa nane akarudi, amevaa koti lake la sikukuu, uso umetulia kama mutu aliyelipa deni. Akaniambia imeisha. Imeisha namna gani? Akasema alimukamata kuku wetu wa madoadoa, akamupeleka kwa muzee Viateur kule Ndosho, akakaa naye, wakazungumuza kiume, na akaomba musamaha kwa jina langu. Muzee amepokea kuku. Muzee amenisamehe.

Amenisamehe.

Wanaonijua wanajua mimi ninapiga kelele. Siku hiyo sikupiga. Niliingia ndani nikasonga bugali, nikamuwekea mezani bila mboga, bila chumvi, bila hata maji ya kunawa. Akauliza mboga iko wapi. Nikasema aulize kuku. Kuku yule nilimulea mimi, lakini si kuku niliyemulilia. Ninyi munajua desturi yetu: mutu hapeleki kuku kwa kosa ambalo halikufanyika. Kuku akiishavuka mulango, kosa limekubaliwa. Bwana yangu alikuwa amechukua neno langu, akalifunga miguu, akalipeleka kwapani mpaka Ndosho.

Jumatatu Direkteri aliniita. Alikuwa ameishasikia. Akasema sasa mambo ni mepesi, mume wangu mwenyewe amekiri, Jumamosi itakuwa kazi ya kuandika tu, na nikiwa muungwana niombe kuacha kazi mwenyewe, nitoke na heshima. Halafu akasema kabla ya hapo nikaondoe uchafu wangu jikoni. Uchafu wangu. Nikachukua koleo na mufagio nikaenda. Nakumbuka niliona mufagio mikononi na nikafikiri mambo ambayo nililazimika kuyaungama baadaye.

Nilianza kukusanya vipande. Vya kijivu upande mumoja, vyeusi upande mwingine. Nilivigawa bila sababu, mukono ulitaka kazi. Na katika kugawa nikaona kitu. Vipande vya kijivu vilikuwa vikubwa na vichache, vimekatika kama mukate. Vyeusi vilikuwa vingi, vidogo, vyenye ncha, na vingine vilikuwa vimejichoma ndani ya ukuta wa kijivu kama misumari. Kutoka chini kwenda juu. Nikakaa nikaviangalia. Kama moto wangu ungekuwa ndio umepasua ukuta, nani alivipigilia vyeusi humo ndani?

Kulikuwa na kipande kimoja cheusi kinene, kama mukate wa familia. Nikakipiga nyundo. Kikafunguka, na ndani kilikuwa cheusi zaidi, kinang'aa. Nikakigusa. Nikakilamba, ndiyo, kwa ulimi, nani alikuwa ananiona. Kilikuwa kimelowa. Baada ya mioto mitano na siku nne za kukaa, jiwe lile bado lilikuwa na ziwa ndani yake. Nikakumbuka ile sauti ya siku ya tatu, chai inayotaka kuchemka. Kumbe haikuwa kijiti. Yalikuwa maji ya Lac Vert, yamefungiwa kifuani mwa jiwe, yanatafuta mulango.

Nilicheka peke yangu jikoni mpaka muke wa sentineli akachungulia. Jiwe lililozaliwa na moto! Na mutu aliyezaliwa kwa maji ya mama yake hazami? Tulikuwa wajinga wote, na mimi ndani.

Nje nyuma ya jiko, kwenye ukuta wa mbao, muzee alikuwa ameegemeza kipande alichokata kutoka jiwe lile lile, upana wa sahani. Mvua ya mwezi wa kumi na moja ilikuwa inakinyeshea kila siku. Nilikifunga ndani ya gunia nikakificha. Sikumuambia Direkteri, angeandika barua. Paulin sikumuambia kitu chochote, hata habari ya asubuhi.

Jumamosi ilifika. Wazazi walijaa darasa la sita, Direkteri mbele na karatasi zake, muzee Viateur pembeni yake kwenye kiti chenye mukono, Paulin nyuma kabisa karibu na mulango. Mimi niliingia na mbabula mbili, majiko madogo ya makaa, gunia moja na mufuko wa magunzi. Direkteri akasema hiyo haiko kwenye programu. Nikasema nami sikuwa kwenye programu ya kuitwa muongo. Mama mumoja akasema, mumuache, tuone. Tukatoka wote nje, kiwanjani.

Nikaweka kwenye mbabula ya kwanza figa langu, jiwe jeusi lililonipikia miaka yote ile, kavu mpaka moyoni. Kwenye ya pili nikaweka kipande cha muzee. Nikamuuliza mbele ya watu kama anakitambua. Akakigeuza, akasema ndiyo, ni cha jiwe lake, kazi ya mukono wake. Hapo nikamupa magunzi. Nikamuambia kwamba sitagusa moto huu, wala sitasali; aweke yeye mwenyewe, kiasi chake, na sala yake. Akatabasamu kwenye ndevu. Akaweka kiganja kimoja cha magunzi huku na kimoja kule, akawasha, akakaa kwenye kiti karibu, mikono juu ya magoti. Nilisogeza watu nyuma mara mbili. Yeye nilimuambia pia asogee, akasema anakaa na mawe tangu sijazaliwa.

Magunzi yakaisha, akaongeza. Hakuna kilichotokea. Watu wakaanza kuzungumuza habari zao. Direkteri akatazama saa. Mutu akasema nyuma, "sala fupi", na wengine wakacheka. Nilijua nilichokiona kwa macho na nilichokilamba kwa ulimi, lakini mutu akiitwa muongo siku tisa mufululizo, anaanza kujiuliza. Nikiondoka pale bila kitu, sikuwa na kazi, sikuwa na jina, na kartie ingekuwa na wimbo wa maisha yangu yote. Ningerudi Butembo? Ningesema nimerudi juu ya nini?

Muzee akaongeza vijiti, vyembamba kama kidole. Na ndipo ikaanza. Sauti ile, nyembamba. Nikasema wanyamaze. Hawakunyamaza, mpaka muzee mwenyewe aliponyanyua mukono. Masikio yake ya fundi yalisikia. Nikamuona anainama kusikiliza na nikamuvuta kwa koti, kwa nguvu, kiti kikaanguka. Paa! Kipande kilipita pale kilipokuwa kichwa chake na kupiga ubao wa dirisha. Mbabula ikapinduka. Watoto waliokuwa wamepanda ukuta wakashuka wote kwa mara moja.

Figa langu lilikuwa pale pale kwenye mbabula yake, limekaa.

Muzee Viateur aliokota nusu ya jiwe lake kwa kitambaa. Akaangalia ndani. Nilingoja aseme ni bahati mbaya, ni mapenzi ya Mungu, ni shetani. Nilikuwa tayari kwa yote hayo.

"Sakafu ya kijivu ilivunjika ndani ya gari, njia ya Bunagana," akasema. "Niliona haya kuwaambia. Nikaweka hii nikawaambia ni ufundi. Mama huyu hakudanganya. Aliyedanganya ni mimi."

Sitamunyima haki yake: alisema kwa sauti, na kofia mukononi. Wazazi walipiga makofi, sijui walimupigia nani. Direkteri alikuja na ufunguo na hotuba, akasema shule haikuwahi kunishuku kwa moyo, ni taratibu tu. Nikapokea ufunguo, hotuba nikamuachia. Muzee akasema ataleta sakafu nyingine, ya kijivu, na siku saba za moto mudogo atakaa nazo yeye mwenyewe. Akanyoosha mukono nimusamehe. Watu wote wakaningoja, nyuso zimelainika, kama harusini.

Nikamuambia kazi nimeikubali, aje Jumatatu. Musamaha, bado. Nilikaa na jina la uongo siku tisa. Na yeye akae nalo kidogo, alione lina uzito gani. Wengine waliguna. Padri amenisema kwa hilo baadaye, na mimi nimemuambia hata jiwe linapewa siku saba.

Niliingia jikoni kuosha masufuria ambayo muke wa sentineli aliyachoma mpaka yakawa meusi ndani. Wamama wa komite walisimama mulangoni, wanataka kuongea, wanataka kushika mukono wangu. Paulin akapenya katikati yao. Alikuwa amevaa lile koti la sikukuu. Akasema kwa sauti ya chini ya amani yake kwamba mambo yameisha vizuri, Mungu ashukuriwe, niache masufuria twende nyumbani.

Nikaweka sufuria chini. Mikono ilikuwa inatiririka maji na sikuifuta.

"Paulin," nikasema, "musamaha wangu uliuomba mimi sikuwepo. Leo niko. Omba wa kwako."

Akageuka kuona ni nani anasikia. Wamama walikuwa pale, na hakuna hata mumoja aliyesogea kumupisha njia. Akatazama nje, akatazama sakafu. Halafu akavua kofia, akaanza.